Nyuzi za Nanga na Nyuzi za Kioo

Kwa mtu wa visiwani na wa mwambao, nanga ni chuma kizito kinachozuia chombo kisichukuliwe na maji. Kwa Mhaya wa Bukoba na Muleba, kule magharibi ya Ziwa Viktoria, nanga ni ala ya muziki. Ni ubao mnene uliochimbwa mfano wa hori, na juu ya hori hilo uzi mmoja mrefu wa kano za mnyama umepitishwa huku na huko kwenye ncha za ubao, hata uzi huo mmoja ukawa nyuzi kadhaa zenye sauti mbalimbali. Wenyewe huiita enanga, na mpigaji wake humwita omuteezi. Maneno haya mawili, la kwetu na la kwao, hayana nasaba moja. Yamekutana kwa matamshi tu. Hata hivyo kazi zao zafanana. Nanga ya Kihaya nayo iliwekwa ili kitu kisichukuliwe: habari za wafalme, za mashujaa waliothubutu kushindana nao, na za Mugasha, mwenye enzi ya maji na tufani za ziwa.

Makala haya yanazungumzia nyuzi za namna nyingine, yaani nyaya zinazobeba sauti na picha kwa kasi, na jinsi zilivyofika, au zilivyochelewa kufika, katika nchi hiyo ya nanga. Msomaji apendaye mashairi asikunje uso akadhani ameletewa mambo ya mafundi. Historia ya utenzi wowote ni historia ya chombo kilichoubeba: kinywa, karatasi, santuri, kanda, waya. Nami nataka kuonyesha kwamba kasi ya waya, peke yake, haijapata kuokoa utenzi hata mmoja. Na kwamba upande wa Bukoba na Muleba muda uliobaki wa kuokoa ni mfupi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Habari za miguu, habari za waya

Kabla ya waya palikuwa na miguu. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipanda hadi Unyanyembe, na kutoka huko wengine wakashika njia ya kaskazini mpaka Karagwe, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao mahali paitwapo Kafuro. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861, watu wa pwani walikuwa wamekwisha mtangulia. Pamoja na shanga na nguo, misafara ile ilibeba maneno, majina na dini. Ndiyo maana mmoja wa wapiga nanga mashuhuri wa karne ya 20, Habibu Selemani, alikuwa na jina ambalo mtu akiitwa nalo Malindi au Mkunazini hapana atakayegeuka kushangaa.

Kisha ukaja waya. Mwaka 1879, katika enzi ya Sayyid Barghash, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandika waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja kwenda Msumbiji na Durban. Habari ya London iliyokuwa ikisubiri meli kwa wiki nyingi sasa ilifika kabla wino wa mwandishi wake haujakauka vizuri. Apitaye Shangani leo ataliona jumba la Extelecoms, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makao ya shughuli hizo za simu na sasa ni hoteli. Unguja ilikuwa kituo muhimu cha waya huo. Lakini ni wachache mno miongoni mwa watu wa Unguja waliopata kuutumia. Waya ulikuwa wa ubalozi, wa jeshi la majini na wa wenye bei ya karafuu.

Bara ilisubiri. Mji wa Bukoba ulianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha kwa niaba ya Wajerumani, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa wamekwisha simamisha hapo mlingoti wa simu ya upepo, ambayo haikuhitaji waya. Mlingoti huo ndio uliouponza mji. Mwezi wa Juni 1915 askari wa Kiingereza walipakiwa melini Kisumu, wakavuka ziwa, na baada ya mapigano ya siku mbili, tarehe 22 na 23, wakauteka mji wa Bukoba. Waliuangusha mlingoti, wakaiharibu ngome, mji ukaporwa, kisha wakarudi melini mwao wakaenda zao. Hawakuja kukaa. Walikuja kukata ulimi wa adui.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa kila tunaposikia mawasiliano yakisifiwa kama neema isiyo na mwenyewe. Chombo cha kwanza cha kisasa cha kupitisha habari haraka kutoka Bukoba kilikuwa mali ya serikali na jeshi. Mwenye nchi hakupewa nafasi ya kupitisha humo neno lake, ila siku kilipoangushwa, nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zilizoporwa.

Kanda zilizoondoka

Sauti ya Kihaya ilianza kuingia katika mitambo baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika na vyombo vyake vya kurekodia, akachukua pia muziki wa Wahaya. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ijulikanayo kwa herufi ILAM, ambayo hivi sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaja Mmarekani Peter Seitel, aliyekaa na Wahaya akirekodi hadithi zao. Kitabu chake cha hadithi hizo kilichapishwa Marekani mwaka 1980, na kingine kuhusu tanzu za fasihi simulizi ya Kihaya kikatoka mwaka 1999.

Aliyewatendea haki zaidi wapiga nanga ni M. M. Mulokozi. Wasomaji wa mwambao wanamjua kwa kitabu chake Tenzi Tatu za Kale, alimozikusanya Fumo Liyongo, Mwanakupona na Al-Inkishafi zikawafikia wanafunzi wa shule na vyuo. Pengine si wengi wanaojua kwamba mtu huyo huyo aliandika tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986, juu ya tendi za nanga za Wahaya. Alitembea na kinasa sauti, akaandika maneno, akayapambanua, akawajibu wataalamu wa Ulaya waliodai kwamba Mwafrika hana utendi. Mwaka 1997 alichapisha makala juu ya maisha ya Habibu Selemani, aliyezaliwa yapata mwaka 1929 akafariki mwaka 1993, na katika kichwa cha makala hayo akamwita wa mwisho wa malenga wale.

Kwa nini wa mwisho? Kwa sababu nanga iliishi kwa mwenyeji. Mpigaji alihitaji baraza la mfalme, au nyumba ya mtu mwenye nafasi, wasikilizaji wa usiku kucha na pombe ya ndizi ya kuwakalisha. Baada ya Uhuru utawala wa jadi ulifutwa, na mabaraza yale yakafungwa. Redio ya taifa, iliyoweza kuwa baraza jipya, ilizungumza Kiswahili. Wimbo mfupi wa lugha ya kikabila uliweza kupenya kama burudani. Utendi wa saa nzima wa Kihaya, wenye mafumbo yasiyofahamika Mtwara wala Pemba, ulipenya wapi?

Ili msomaji aone tofauti kati ya habari kusafiri na habari kuhifadhiwa, nitoe mfano wa Muleba wenyewe. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kicheko kikawaambukiza wenzao. Katika wanafunzi 159 walishikwa 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi kwao, kicheko kilifuatana nao. Nshamba pekee watu 217 walipatwa katika muda wa wiki chache. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliliandika jambo hilo mwaka 1963 katika jarida la utabibu, na tangu hapo dunia nzima hulitaja. Kicheko kile hakikungoja waya. Kilikwenda kwa miguu ya watoto wa shule, na kilikwenda upesi. Lakini kilichotufikia sisi ni hesabu ya waliocheka. Jambo laweza kuenea kwa kasi ya moto wa nyika na bado likaacha majivu tu, ikiwa waliolishuhudia hawakulitia katika chombo cha kulitunza.

Waya wa mita nne na nusu

Sasa tufike kwenye waya ambao historia za mawasiliano huuruka, kwa kuwa ni mfupi. Mwaka 1995 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kampuni za kamera zilileta kanda ndogo ya kidijitali iitwayo MiniDV. Na taasisi ya wahandisi ya IEEE ikapitisha kanuni yake namba 1394, ya waya wa kupitisha sauti na picha za kidijitali kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kampuni ya Apple, iliyoanza kazi hiyo tangu miaka ya 1980, iliuita waya huo FireWire. Sony wakauita i.LINK. Urefu wake kwa kawaida haukuzidi mita 4.5, na uliweza kupitisha biti milioni 400 kwa sekunde.

Ubora wake haukuwa katika wingi huo tu. Nyaya nyingine za kompyuta za siku zile zilipitisha vitu kama watu wanavyopanda daladala: mwenye nguvu ndiye aingiaye, na mwingine angoje. Kwa barua hilo halidhuru, kwani herufi ikichelewa kidogo itafika na kukaa mahali pake. Lakini sauti ikichelewa imekatika, na picha ikichelewa imeruka. Waya wa FireWire uliweza kuitengea picha nafasi yake katika kila sehemu ndogo ya sekunde, na hapana kitu kingine kilichoruhusiwa kuikalia nafasi hiyo. Sisi wa mashairi jambo hili hatulioni geni. Ndiyo kazi ya mizani: kila silabi ina kiti chake, hata ikiwa jirani yake ana haraka.

Waya huo ndio uliowapa watu wa kawaida uwezo wa kuhariri picha. Kamera moja, kompyuta moja na waya mmoja viliweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji chumba kizima cha mitambo ya kituo cha televisheni. Tukumbuke kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994. Miaka kumi tu baadaye filamu za Kiswahili za Dar es Salaam zilikuwa zikitengenezwa kwa wingi kwa kamera ndogo za kidijitali, na katika kila mji wa mkoa, Bukoba nao ukiwamo, mpiga picha za harusi aliweka begani kamera ya namna hiyo. Harusi, matanga, jubilei za mapadri, maulidi, mikutano ya siasa, sherehe za shule, vyote viliingia katika kanda za dakika sitini sitini.

Hapa ndipo penye shida. Kanda ya MiniDV haikubali kuharakishwa. Waya wake una nafasi ya kupitisha zaidi ya mara kumi ya kile kilichomo katika kanda, lakini kanda yenyewe huzunguka kwa mwendo wake. Saa moja ya picha itatoka kwa saa moja, hata tajiri akitaka vingine. Tena ili itoke, vyahitajika vitu vitatu vyenye uhai: kamera ambayo bado inazunguka, waya, na kompyuta yenye tundu la waya huo. Matundu hayo yameondoka. Mwaka 2008 kompyuta ndogo za mkobani za Apple zilianza kutolewa bila tundu hilo, zikafuatiwa na nyingine, na mwaka 2025 mfumo mpya wa Apple ukaacha kabisa kuutambua waya ule ambao kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoubuni. Mlango umezibwa na aliyeujenga.

Bukoba ni mmoja wa miji ipatayo mvua nyingi kabisa Tanzania, yapata milimita 2,000 kwa mwaka. Kanda ya sumaku haipendi unyevu. Hushika ukungu, tabaka lake hulegea, na siku ichezwapo huacha unga wake juu ya kichwa cha mashine. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilibomoa nyumba nyingi za mkoa wa Kagera, na kila nyumba iliyoanguka ilianguka na kabati zake. Popote mzee alipowahi kuipiga nanga mbele ya kamera katika miaka ile, sauti yake imo katika kanda ya namna hiyo, inangoja waya wa mita nne na nusu ambao haupatikani tena dukani kwa urahisi.

Mkongo wafika

Wakati waya mfupi ulipokuwa ukifa, ule mrefu ulikuwa ukizaliwa. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifunguliwa, ukipita chini ya bahari na kuigusa Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy, unaoanzia Afrika ya Kusini hadi Sudan. Kabla ya hapo mawasiliano ya Tanzania na dunia yalitegemea setilaiti, kwa bei ghali na kwa mwendo wa kinyonga. Serikali nayo, kwa mkopo wa China, ilianza mwaka 2009 kutandaza Mkongo wa Taifa, ambao usimamizi wake ulikabidhiwa TTCL. Nyuzi zake ni za kioo, nyembamba kama unywele, na kinachopita ndani yake ni mwanga unaowashwa na kuzimwa mabilioni ya mara kwa sekunde moja. Mahali pengine umezikwa kando ya barabara, mahali pengine unaning'inia pamoja na nyaya za umeme mkubwa. Kufikia mwaka 2012 mkongo huo ulikuwa umepita kilomita 7,000, ukizigusa nchi za jirani: Rwanda kwa Rusumo, Burundi kwa Kabanga, na Uganda kwa Mutukula, juu ya Bukoba.

Apendaye hesabu na apige hii. Saa moja ya kanda ya MiniDV huchukua yapata gigabaiti 13. Mkongo wa SEACOM ulijengwa kwa uwezo wa biti trilioni 1.28 kwa sekunde. Kwa hesabu ya karatasini, kanda nzima ingepita chini ya Bahari ya Hindi kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kutoka kabatini Muleba hadi ndani ya kompyuta: saa moja, ikiwa mashine ipo. Kutoka Dar es Salaam hadi Marseille: kufumba na kufumbua. Hapo msomaji ataona wapi pana foleni.

Maana ya mkongo ilionekana kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Nchi iliipata habari kwa redio na magazeti, na jamaa wengi walikaa siku kadhaa wasijue wa kumlilia. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 wakafa. Safari hii picha za mkia wa ndege uliosimama juu ya maji, na wavuvi wakiwavuta watu kwa mitumbwi, zilikuwa mikononi mwa watu wa Unguja na London wakati kazi ya uokoaji ingali ikiendelea. Jina la Majaliwa Jackson, kijana mvuvi aliyekuwa miongoni mwa waokoaji wa kwanza, likajulikana nchi nzima.

Na mkongo nao una udhaifu wake. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja baharini, na Tanzania ikarudi nusu kwenye enzi za setilaiti. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulizimika nchini bila ya waya wowote kukatika. Tangu mlingoti wa 1915 hadi leo, mwenye njia angali ndiye mwenye kufungua na kufunga.

Kinachopanda na kinachoshuka

Atasema mtu: basi hofu ya nini? Vijana wa Bukoba wana simu mkononi, watarekodi wenyewe. Na muziki wa Kihaya haujakosa kusikika. Ni kweli haujakosa. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Kagera, alitoa wimbo wa Maria Salome, ambao wengi waliupa jina la Chambua kama Karanga, na Watanzania wasiojua neno la Kihaya wakauimba kutoka kwenye kaseti. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuvaa upya kwa jina la Salome, na kwa njia ya mkongo ukatazamwa mara mamilioni. Hapana ushahidi mzuri zaidi kwamba sauti ya Kagera yaweza kubebwa.

Lakini wimbo wa dakika nne ni chombo chepesi, chapita penye maji haba. Utendi wa nanga ni jahazi la shehena. Hauwezi kuonjwa kwa pambio peke yake. Wataka msikilizaji ajue Mugasha ni nani, mfalme fulani aligombana na nani, na kwa nini mpigaji amenyamaza hapo akaziachia nyuzi ziseme. Simu ya kijana hurekodi kilicho mbele yake, na haiwezi kumrekodi marehemu. Wale waliozijua tendi nzima wameondoka. Kilichobaki ni kanda za Mulokozi, za Seitel, za Tracey, na zile za kabatini zisizo na majina. Zaidi ya hayo, mtandao kwa kawaida hutafuta kwa maandishi. Sauti isiyoandikwa jina la mwimbaji, la kijiji, la utendi, wala tafsiri ya maneno yake, hata ikiwekwa katika waya wenye kasi kuliko zote, ni kama sarafu iliyodondoka baharini: ipo, na haipo.

Sisi wa mwambao tunapaswa kulijua hili kwa damu. Mashairi ya Muyaka yasingetufikia kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa hasingeketi katika miaka ya 1880 kuyakusanya na kuyafafanua, yakaandikwa katika daftari za W. E. Taylor. Daftari hizo ziko SOAS, London, na leo zaweza kutazamwa na mtu aliye mbali. Waya ulikuja baada ya zaidi ya miaka mia moja kukamilisha kazi. Ulioianza ulikuwa mkono wenye kalamu na sikio lenye subira. Mkono ule ukikosekana, waya hauna cha kubeba.

Tena pana deni. Kiswahili, lugha ya tenzi zetu, ndicho kilichopewa redio, shule, bunge na filamu. Sikitiki kwamba kilipewa. Kilituunganisha, nami nimeishi kwacho. Ila haki kisemwe kilichotokea: kila saa ya redio iliyosema Kiswahili ilikuwa saa ambayo nanga haikusikika. Lugha iliyopewa njia zote haitakuwa na adabu ikikataa kumbebea mzigo mwenziwe. Tendi za nanga zikiandikwa kwa Kihaya ukurasa wa kushoto na kwa Kiswahili ukurasa wa kulia, zitakuwa zimepata wasomaji milioni nyingi wapya, na ushairi wa Kiswahili utakuwa umepata ndugu ambaye haukuwahi kumtazama usoni.

Jambo hili lina mfano wa karibu. Katika miaka ya 2014 na 2015 maktaba ya ILAM, pamoja na wanamuziki wa Kenya, iliwarudishia Wakipsigis nyimbo ambazo Tracey alizirekodi kwao mwaka 1950, ukiwamo ule maarufu wa Chemirocha. Walipelekewa katika vijiji vyao, na wazee waliokuwa vijana siku ile wakazisikia sauti zao. Kilichotangulia hapo ni orodha: nani aliimba, wapi, lini. Orodha ndiyo iliyowafikisha mlangoni.

Bukoba na Muleba nako orodha yaweza kuanzwa bila ya kungoja mfadhili. Maktaba ya mji, parokia, msikiti, chuo, studio ya zamani ya picha za harusi, kila mmoja aweza kuuliza: kanda zetu ziko ngapi, zina nini, ni za mwaka gani? Kamera moja nzima na kompyuta moja kuukuu yenye tundu la FireWire zinatosha kwa wilaya nzima, maadamu zimewekwa mahali pakavu na mtu mmoja anayejua kuzitumia. Jamaa za wapigaji waombwe ridhaa, na nakala ya kwanza iwe yao. Kanda mia moja ni saa mia moja. Ni kazi ya mwezi mmoja kwa mtu aliye na subira. Baada ya saa hizo mia moja, mkongo unaopita hapo hapo kando ya barabara utafanya sehemu yake kwa dakika chache. Kabla ya saa hizo, mwanga utaendelea kuwaka na kuzima ndani ya kioo, ukipita chini ya migomba usiku na mchana, na nanga haimo.